Ile Fa ya Mstari wa Tatu

Wawira, mama,

Mama yako alikuita ujaribu tena kufunga lile sanduku, ukatoroka, ukaenda mjini kuaga marafiki zako. Atakupata ukirudi. Mimi nimejifungia kwenye chumba cha vitabu na kumwambia nasahihisha mitihani ya wanafunzi. Ni saa kumi na moja jioni na sisahihishi chochote. Nakuandikia wewe.

Mambo ya sweta, pasipoti, dawa za tumbo, na kwamba usimpe mtu yeyote saksafoni akubebee pale uwanja wa ndege, hayo yote mama yako ameyamaliza. Ameyasema kwa Kiswahili, halafu akayarudia kwa Kimeru ili yakuingie vizuri. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na tangu Jumapili nalizunguka tu.

Lakini kwanza niseme ninavyojivuna, maana nikianza na lile lingine nitasahau hili. Jumapili kule Kianjokoma, kwenye maombi ya kukuaga, uliposimama mbele ya kanisa nililolelewa ndani yake, ukavaa ule mkanda wa saksafoni shingoni bila haraka, ukangoja mpaka watoto wakanyamaza, nilijua kazi yangu ya kukufundisha imekwisha. Wewe si mwanafunzi wangu tena. Huko chuoni Afrika Kusini hawapokei mtoto wa kubembelezwa, wanapokea mwanamuziki. Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, nimesikia vijana wengi wakipuliza, na nakuambia bila kukupaka mafuta: hakuna aliyenifanya nikae wima kwenye benchi namna ile.

Kisha ukasema, "Huu wimbo ulitungwa na baba yangu."

Watu wakapiga makofi. Guka, baba yangu mzazi, amekaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti, akapiga makofi kuliko wote, akaendelea hata wengine walipoacha. Na mimi nikafanya nini? Nikainuka, nikainama kidogo, nikaketi. Haki ya Mungu, nikainama.

Mama, wimbo ule si wangu. Ni wa Guka.

Sasa nimeandika. Nilidhani mkono utakataa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana wewe umemjua Guka akiwa mzee wa kuchekacheka na kukupa ndizi mbivu. Mimi nilimjua akiwa kiongozi wa kwaya. Asubuhi alichuma majani ya chai, jioni alisimama mbele ya kina mama na vijana na chaki mkononi, akiandika nyimbo ubaoni kwa solfa: do, re, mi, fa, so. Hakuwa na kinanda. Hakuna aliyejua kusoma zile noti za mistari mitano ninazofundisha mimi. Nyimbo zake mwenyewe aliziandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu, lile la dukani, na mtu akikosea alirudishwa mwanzo mara kumi. Siku moja alimrushia mzee mmoja wa sauti ya nne chaki, ikamwingia mdomoni akiwa ameufungua kuimba. Tulicheka mpaka kipindi kikavunjika.

Saksafoni ilikuja kanisani ndani ya sanduku la msaada, pamoja na makoti. Hakuna aliyejua ni ya nini. Guka akasema, "Mpeni Njeru, huyo ana pumzi, kila siku ndiye anapuliza moto wa mama yake." Basi. Hivyo ndivyo baba yako alivyoingia kwenye muziki. Nilifanyia mazoezi kwenye banda la kupimia majani ya chai, wachumaji wakishaenda nyumbani, kwa sababu bati la pale lilirudisha sauti vizuri. Nilijifundisha kwa solfa ya Guka, na nikajiona nimefika.

Nikaja hapa Meru kutafuta bendi. Hoteli moja mjini ilikuwa na bendi ya jazi ya watu saba, na kiongozi wao, mpiga gitaa anaitwa Kirimi, akanijaribu jioni moja, wateja wakiwa wanakula. Akasema tunapiga kwenye bi-flati. Nikaitafuta bi-flati kwenye saksafoni, nikaifanya do yangu, nikajaza mashavu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba saksafoni na gitaa hazikubaliani majina: unachokiita bi-flati kwenye saksafoni yangu, kwenye gitaa ni sauti nyingine kabisa. Nilipiga wimbo mzima niko peke yangu, nao wako kwingine. Na unajua nilichofikiri? Nilifikiri hawa watu saba wote wamekosea. Nikapuliza zaidi ili wanisikie wajirekebishe.

Kirimi akasimamisha bendi. "Kijana, unatoka wapi?"

"Embu."

"Kwani huko Embu do yenu inakaa wapi?"

Mteja mmoja alicheka mpaka supu ikamwagika. Nilitaka kulia. Lakini Kirimi hakunifukuza, alinishika mkono nyuma ya jikoni akanionyesha, na kesho yake nikarudi. Nilipanga chumba Majengo, karibu na msikiti, nikafanya mazoezi na soksi zimesokomezwa ndani ya mdomo wa saksafoni ili nisisumbue watu. Mwenye nyumba, Mama Zainabu, siku moja alibisha akaniuliza, "Baba, huo wimbo wako utaanza lini? Mwezi mzima unapanda tu na kushuka." Nikamwambia ni mazoezi. Akasema, "Basi fanya asubuhi, wenye bucha wakikata mifupa, hakuna atakayejua ni wewe." Nikafanya hivyo. Nilijifunza noti za mistari mitano kwa sauti ya mashoka.

Nakusimulia haya kwa raha, unaona. Hiki kipande cha maisha yangu sioni aibu nacho. Nilikuwa sijui, nikachekwa, nikajifunza. Ningeishia hapo ungekuwa na baba safi.

Mama yangu alifariki nikiwa pale Majengo. Cucu yako Wawira, yule uliyepewa jina lake, ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita mama hata nikikugombeza. Nitamrudia baadaye.

Nikaingia chuo kikuu ukubwani, nikasoma na watoto, nikamaliza, wakanipa vipindi vya kufundisha. Kisha ikatokea nafasi ya kudumu. Waliohitaji kuipata walitakiwa wapige onyesho mbele ya maprofesa, na kipande kimoja kiwe utunzi wao wenyewe. Wiki tatu nilikaa na karatasi. Hakuna kitu. Nikiandika mistari minne, naona ni ya mtu fulani niliyemsikia kwenye kanda. Asubuhi moja nikiwa napasha moto saksafoni, nikapiga tu bila kufikiri wimbo wa Guka, ule wa kuchuma chai. Nikasimama. Nikaupiga tena. Nikajiambia, ah, huu hakuna anayeujua nje ya kanisa moja kule mlimani.

Nikaupa sehemu ya katikati, ile yenye mapigo yaliyovunjika, ile wewe hupenda. Nikauwekea piano na besi. Hiyo kazi ni yangu na siiombei msamaha. Lakini wimbo wenyewe ni wa Guka, mwanzo hadi mwisho, na juu yake niliandika: mtunzi, Njeru. Hata jina la baba yangu sikuliweka baada ya langu, nikaliacha Njeru tupu, ili isionekane nimetoka kwa mtu.

Na nikaitoa ile fa.

Wewe unaijua. Wimbo wote unatembea kwa sauti tano tu, hauna fa hata moja, mpaka mstari wa tatu, hapo inaingia moja, peke yake, kabla ya kupanda so. Nilidhani ni kosa la mzee wa kijijini. Niliona nikiitoa, wimbo utakuwa safi, sauti tano tupu, kama wanavyopenda kwenye vitabu. Na kweli walipenda! Profesa mmoja alinisifu dakika kumi kwa usafi huo. Baadaye niliandika hata makala juu yake. Ebu fikiria, mtu mzima, ameandika kurasa ishirini kusifu shimo alilolichimba mwenyewe.

Guka alikuja kwenye onyesho lile. Nilimwalika, sijui nilikuwa nawaza nini. Alikuja na kofia yake na koti la Krismasi, akakaa safu ya nne, na nilipoanza kupiga nikamwona midomo inatembea. Alikuwa anaimba solfa kimya kimya. Kwenye mstari wa tatu midomo ikasimama.

Baada ya hapo kulikuwa na chai na keki. Akaja nilipokuwa nimesimama na wakubwa, akanipa mkono, akasema kwa upole, "Umepiga vizuri. Lakini umeacha fa ya mstari wa tatu."

Nikageuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Nikamwambia, "Baba, hapa tunaita pentatoniki."

Akasema, "Ehe." Akachovya keki kwenye chai akala. Mpaka leo hajawahi kuniuliza tena.

Kazi nikaipata. Nyumba hii unayoiacha kesho, hicho kitanda chako, saksafoni yako ya kwanza, vyote vilitoka kwenye kazi hiyo. Wanafunzi wangu husoma wimbo ule kama wangu. Na kwa sababu mtu aliyeficha kitu hukaa akikilinda, nikawa mkali sana juu ya solfa. Mwanafunzi akiiandika pembeni ya karatasi yake, namwambia darasa zima likisikia kwamba hiyo ni ya shule ya Jumapili. Mimi! Mtoto wa banda la chai.

Sasa tufike kwako, maana hapa ndipo panaponiuma.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, umetoka likizo kwa Guka. Ulisimama pale sebuleni ukapiga ule wimbo, na ulipofika mstari wa tatu ukaweka fa. Nikakwambia, "Umeongeza noti."

Ukasema, "Guka amesema hapo kuna fa. Amesema wewe uliisahau."

Na mimi nikasema, "Guka hajui muziki."

Mama yako alikuwa anaosha vyombo, akafunga mfereji. Wewe hukulia. Ulifuta saksafoni, ukaiweka kwenye kasha lake, ukafunga vile vifungo viwili, na muhula mzima hukupiga noti moja ndani ya nyumba hii. Ulikuwa ukifanyia mazoezi shuleni. Nilijifanya nadhani ni ujeuri wa umri. Uliamini nimekasirikia noti, na mimi nikakuacha uamini. Nilikuwa naogopa tu, mama. Niliogopa ungeuliza swali la pili.

Lakini hukuwa na swali la pili, kwa sababu Guka alishalifunga. Nilikuja kujua baadaye kwamba alipokufundisha alikwambia, "Huu ni wimbo wa baba yako." Mzee amekaa na wimbo wake mwenyewe, anamfundisha mjukuu, na anampa kijana wake sifa. Alinifunika hata mbele yako. Nikiwaza hilo nashindwa kukaa kwenye kiti.

Jumapili ukaupiga tena, na fa yako ndani. Ulipokaribia mstari wa tatu ukanitazama, ukainua nyusi moja, mama yako akacheka chini chini. Ukaifikia kwa kuchelewa kidogo, ukaiacha ining'inie chini kidogo ya pale ilipo, halafu ukaipandisha pole pole mpaka so. Kanisa lote kimya. Mimi na vyeti vyangu vyote sijawahi kupiga noti moja watu wakanyamaza hivyo. Bibi mmoja mzee wa kwaya ya zamani, mbele yetu, akamwambia mwenzake kwa Kiembu, "Huyo ni Wawira." Nikafikiri, ndiyo, ni yeye, ni mtoto wangu. Nikavimba kichwa.

Wakati wa kuondoka Guka akanipa kitu kimefungwa kwa gazeti. "Mpe mtoto. Atakisoma njiani." Nikakitupa kiti cha nyuma. Jumatatu nikakifungua, nikijua kimeandikiwa wewe, unisamehe na hilo pia. Ni lile daftari lake. Nikatafuta ule wimbo. Uko pale, wino wa buluu, solfa imepangwa kwa rula. Na chini ya ile fa ya mstari wa tatu, kwa penseli, kwa Kiswahili chake cha shule, ameandika maagizo kwa kwaya:

Wawira huimba hivi. Asirekebishwe.

Nikakumbuka. Woi, nikakumbuka kila kitu. Mama yangu alikuwa safu ya pili, sauti ya kwanza. Wengine wote wakipanda moja kwa moja, yeye alikuwa anapitia pale kati, kwa kuchelewa, chini kidogo, kama ulivyofanya wewe Jumapili bila kumwona hata siku moja. Na Guka, mtu wa kurusha chaki, mtu wa kurudisha kwaya mara kumi, kwa huyo mmoja aliinua mikono akaandika kosa lake ndani ya wimbo. Mama yangu ndiye yule bibi mzee alikuwa anamsema. Hakuwa anakusema wewe.

Kumbe nilimtoa mama yangu kwenye wimbo ili nipendeze watu watatu wenye miwani. Na alipouingia tena kupitia kwako, nikamwambia ameongeza noti.

Nililia hapa kwenye hiki chumba, siwezi kukuficha. Halafu nikajivuna, tena sana, nikiwa bado nalia. Uliendelea kuipiga hiyo fa. Nilikuwa baba yako, mwalimu wako, na nilikuwa nimekukaripia, na bado kila ulipofika pale uliiweka, kwa sababu sikio lako lilikuambia mahali pake ni pale. Huko unakokwenda utapata walimu. Wengine watakuwa bora kuliko mimi, wasikilize. Wengine watakuwa mimi. Wakikuonyesha kwamba do yako iko kwingine, kama Kirimi alivyonionyesha, inua mkono ukubali, hata kama kuna mtu anacheka na supu yake. Lakini utajua tofauti, nina hakika, umeijua tangu ukiwa na miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyechelewa kuijua.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu wa idara barua. Nimeandika wimbo ni wa nani, na kazi yangu ilikuwa ipi. Sijui watasema nini. Labda watacheka, labda wataniita kikaoni, labda yule profesa atataka kujua ile makala tuifanyeje. Watanijulisha. Na wewe, kwenye ile fomu ya onyesho lako la kwanza, pale ulipoandika mtunzi, futa jina langu, uandike Nyaga wa Kianjokoma. Kama kuna nafasi chini, unaweza kuandika kwamba vyombo vilipangwa na mwanawe.

Hiyo ilikuwa rahisi. Iliyobaki ni Guka mwenyewe.

Sijamwambia. Jumapili nilikuwa naye meta mbili, nikainama. Nimepita ile kona ya kupanda Kianjokoma nikienda Nairobi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara nina sababu: mvua, nimechelewa, nitasimama nikirudi. Masikio yake yanaanza kuisha, umeona mwenyewe alivyokuwa ameinamia saksafoni yako. Bado anasikia lakini hatasikia siku zote. Kesho tutatoka mapema na ndege yako ni ya jioni, muda tunao. Mama yako anadhani tunanyoosha moja kwa moja. Na mimi najijua, nitafika pale kwenye kona na nitasema tulishaaga Jumapili, kwani kuaga mara ngapi.

Nataka nikate kona. Nataka nisimame kwenye ule uwanja wake, uupige wimbo nami nikiwa nimeshika daftari, na ukimaliza nimwambie mbele yako na mbele ya mama yako: Baba, huu ni wimbo wako, niliuchukua, na fa nimeirudisha.

Kwa hivyo hii barua nitaiweka leo kwenye kasha la saksafoni, juu ya daftari, ambapo najua utaikuta kabla hujalala, maana hulali bila kuifuta. Kesho kaa kiti cha nyuma na kasha uliweke mapajani. Ukiona nimepita kona, usinihurumie na usinong'oneze mama yako. Toa saksafoni, upige ile fa hapo hapo ndani ya gari, na usiipandishe so mpaka nigeuze.

Baba yako,
Njeru wa Nyaga